Kingamwili: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Maabara

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu neno moja tu, nalo ni kingamwili. Huenda msomaji akaona kuwa neno moja ni jambo dogo mno kupewa kurasa za jarida la taaluma za Kiswahili, hasa neno lenyewe likiwa limetoka maabara wala halikutoka katika utenzi au riwaya. Lakini mhakiki wa lugha hana budi kuifuata lugha huko inakokwenda, na Kiswahili kimekwisha kuingia hospitali. Hapa Bukavu daktari na mtu wa labo walisomea kazi yao kwa Kifaransa. Mgonjwa, akiwa nyumbani, huenda akazungumza Kimashi, Kilega, Kihavu au Kifuliiru. Na wote hukutana katika Kiswahili. Neno likikosewa katika makutano hayo, anayelipa si mtunzi wa kamusi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa na kituo kimoja cha afya cha mjini kutafsiri kijikaratasi kilichoeleza vipimo vya UKIMWI, ugonjwa ambao mtaani tunauita sida. Matini ya asili ilikuwa ya Kifaransa. Tuliifanya kazi hiyo kwa siku mbili, tukiwa na kamusi mezani, na tukaridhika nayo. Kabla ya kuchapwa, tafsiri ilisomwa mbele ya akina mama kumi hivi wa Kadutu ili ijulikane kama inaeleweka. Tulipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba kipimo hutafuta katika damu kingamwili za virusi vya UKIMWI, na kwamba zikionekana mtu huambiwa, mama mmoja auzaye sambaza sokoni alitabasamu. Akasema: “Aksanti Mungu. Basi ule anaonekana nazo iko na kinga, mwalimu. Sida haiwezi kumupata.”

Wenzake waliafiki. Hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Kosa halikuwa lao, kwa maana walikuwa wamefuata sarufi ya Kiswahili sawasawa. Neno lilisema kinga, nao wakasikia kinga. Kumbe sentensi ilikusudia kinyume kabisa: ambaye kingamwili hizo zinaonekana katika damu yake ndiye aliyekwisha kuambukizwa.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba kosa hilo halikutokana na uchache wa elimu wa wasikilizaji, bali lilitokana na umbo la istilahi yenyewe. Istilahi hii imekipa kitu jina kwa faida yake, ambayo huwapo mara nyingine na mara nyingine haipo, badala ya kukipa jina kwa tendo lake ambalo halikosekani kamwe. Ili tuhukumu kwa haki, yatupasa kwanza kukitazama kitu chenyewe.

2. Kitu chenyewe

Kingamwili ni protini itengenezwayo na seli fulani za mwili. Umbo lake hufanana na herufi Y, na ncha za mikono yake miwili zina mchongo unaoshikana na kitu kimoja maalumu, kama ufunguo ushikanavyo na kitasa chake. Ikikutana na kitu hicho hukishika. Ikikutana na kingine hukipita. Baada ya kushika, mambo mengi yaweza kufuata: virusi huzuiwa wasiingie katika seli, au bakteria huwekewa alama ili seli nyingine ije imle. Pia yaweza yasifuate lolote la maana. Kushika ndilo tendo la kwanza, mengine ni matokeo.

Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walibuni njia ya kupata kingamwili za aina moja tu, kwa wingi wowote utakiwao. Panya huchomwa sindano ya kitu kinachokusudiwa kutambuliwa. Seli za wengu wake huunganishwa na seli za saratani zisizokoma kuzaliana. Kisha huchaguliwa ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya namna moja. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Tangu hapo kingamwili imekuwa na maisha ya pili, nje ya mwili. Hutiwa katika kichupa, huwekwa katika friji, hubandikwa kibandiko, na huuzwa.

Miongoni mwa vichupa hivyo kimo kimoja kilicho muhimu sana kwa habari yetu: kile cha kingamwili itambuayo protini iitwayo CD4. Protini hii huota juu ya uso wa baadhi ya seli nyeupe za damu za binadamu. Kazi yake ya asili ni kuisaidia seli kutambua kile inachoonyeshwa na seli nyingine. Mtaalamu huchanganya damu na kingamwili hiyo iliyotiwa rangi inayong'aa. Seli zenye CD4 huvaa rangi, nyingine hazivai. Mashine huzihesabu zilizong'aa. Hesabu hiyo hutolewa kwa kila mikrolita moja ya damu. Kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huzidi 500. Ikishuka chini ya 200, ugonjwa umefika mbali.

Jambo hili halikufanyika ng'ambo tu. Oktoba 1983, watafiti wa Ubelgiji, wa Marekani na wa Zaire ya wakati ule, wakiwamo Peter Piot na Dakta Kapita Bila Minlangu, walikutana katika Hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa. Virusi vilikuwa vimeelezwa mjini Paris miezi michache tu kabla yake, na kipimo cha damu cha kuvigundua kilikuwa hakijaenea. Walichokuwa nacho ni kingamwili za panya na darubini ya kuonea mng'ao. Kwa hizo walihesabu seli ambazo wakati huo ziliitwa T4, wakaona jinsi zilivyopungua. Katika muda wa wiki tatu walibaini wagonjwa 38, wanaume kwa wanawake karibu sawa, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 1984. Hivyo katika nchi yetu upungufu wa kinga ulionekana kwanza kwa jicho la kingamwili ya maabara, kabla virusi vyenyewe havijaweza kupimwa.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1984, makundi mawili ya watafiti, moja la London na jingine la Paris, yalitangaza kwamba protini hiyo ndiyo mlango wa virusi. Walijuaje? Waliufunika mlango kwa kingamwili iitambuayo, na virusi vikashindwa kuingia. Chombo cha kutambulia kikawa kimefichua siri ya ugonjwa.

3. Umbo la neno

Sasa tulirudie neno. Kingamwili ni nomino ambatani yenye viungo viwili, kinga na mwili. Kiswahili kina njia mbalimbali za kuunda nomino za aina hii. Mojawapo huunganisha shina la kitenzi na nomino, na kuweka kiambishi cha ngeli mwanzoni: kifunguamimba, kivunjajungu, kiuavijasumu. Nyingine huunganisha nomino mbili bila kuongeza kitu: batamzinga, askarikanzu. Kingamwili halikupewa kiambishi. Kwa hiyo msikilizaji hulichukua kuwa nomino mbili zilizobanana, yaani kinga ya mwili, na tofauti ya kimatamshi baina ya kingamwili na kinga ya mwili ni silabi moja tu, ambayo katika usemi wa haraka humezwa.

Kukosekana kwa kiambishi kuna athari ya pili. Neno limeingia katika ngeli ya I-ZI, ambamo nomino haibadiliki umbo katika wingi. Kingamwili hii, kingamwili hizi. Ni upatanisho wa kisarufi tu unaotuambia kama twazungumzia hali moja au vitu vingi vinavyohesabika. Msemaji wa Kiswahili sanifu atayapata hayo katika viambishi vya kitenzi. Lakini katika Kiswahili cha Bukavu upatanisho wa ngeli hiyo mara nyingi hulegea, na tofauti ya i- na zi- hupotea njiani. Akina mama wa Kadutu hawakuwa na alama yoyote ya kuwaonyesha kwamba kingamwili zilizotajwa ni vitu na si hali.

Athari ya tatu imo ndani ya neno mwili. Mjerumani Paul Ehrlich alitumia neno Antikörper mwaka 1891, na Wafaransa wakasema anticorps. Katika majina hayo, neno lenye maana ya mwili halimtaji mwili wa mtu. Lamaanisha kitu, umbile, kijitu kidogo kinachokabili kijitu kingine. Katika Kiswahili mwili umehama kiti: kutoka kwa kitu kinachokabili, umekwenda kwa mtu anayelindwa. Tafsiri iliyoonekana kufuata kiungo kwa kiungo imegeuza maana kutoka ndani. Neno la Kijerumani husema kwamba kiko kitu kinachopinga. Neno letu husema kwamba mwili umelindwa. La kwanza ni maelezo, na la pili ni ahadi.

Tena neno kinga halikuwa tupu lilipochukuliwa. Lilikuwa na historia yake katika lugha ya afya. Kuta za zahanati zimeandikwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo huitwa kinga. Mabango ya vijana huwaambia watumie kinga, na kila mtu anajua ni kitu gani kinachosemwa kwa tafsida. Kote huko kinga ni jambo jema ambalo mtu hutakiwa awe nalo. Na ugonjwa wenyewe umepewa jina la Upungufu wa Kinga Mwilini. Tazama basi mantiki aliyoachiwa msikilizaji: ugonjwa ni kupungukiwa na kinga, kipimo kimeona kingamwili, basi ugonjwa haupo. Ni hoja iliyonyooka, na inafika mahali pabaya.

4. Neno moja, vitu vitatu

Tuchukue faili la mgonjwa mmoja wa kubuni, tulisome kwa Kiswahili kilichozoeleka. Ukurasa wa kwanza wasema kwamba kingamwili yake imepungua. Hapo neno lataja hali ya mwili mzima. Ukurasa wa pili wasema kwamba kingamwili za VVU zimeonekana. Hapo lataja protini ambazo mwili wake ulizitengeneza baada ya kuambukizwa. Ukurasa wa tatu wasema kwamba hesabu ya CD4 ilipatikana kwa kutumia kingamwili. Hapo lataja dawa ya maabara iliyotokana na panya. Imepungua, zimeonekana, imetumika: neno ni lilelile, na vitu vitatu havifanani. Cha kwanza twaomba kiwe kingi. Cha pili twaomba kisiwepo. Cha tatu hakimhusu mgonjwa kabisa, ni chombo cha kazi kama mizani au kipimajoto.

Mchanganyiko huu huzidi pale wakati unapoingia. Mtu aliyeambukizwa hivi karibuni huenda asionekane na kingamwili, kwa sababu mwili haujazitengeneza za kutosha. Aambiwapo kwamba kingamwili hazikuonekana, mmoja atadhani amesalimika na mwingine atadhani kinga yake imekwisha, na wote wawili watakuwa wamekosea. Mtoto mchanga naye hurithi kingamwili za mama yake kupitia kondo la nyuma, na hizo huweza kubaki katika damu yake hadi kama miezi 18. Mtoto huyo akipimwa kwa kipimo cha kingamwili huonekana nazo hata kama hakuambukizwa. Tujaribu kumweleza mama yake kwamba mwanawe ana kingamwili za virusi lakini huenda hana virusi, na kwamba kingamwili hizo hazimlindi dhidi ya virusi hivyo. Sentensi yenye kukana neno lake yenyewe namna hiyo haiwezi kuchukuliwa na mtu mwenye hofu.

Kwa upande wa kichupa cha maabara, ugeni wa neno huchekesha zaidi kuliko unavyodhuru. Kibandiko chake, kikitafsiriwa, chasema: kingamwili ya panya dhidi ya CD4 ya binadamu. Msomaji ataona panya anayejilinda dhidi ya mtu. Neno dhidi ya hapa ni mzigo mwingine. Kingamwili ya kichupani haina ugomvi na CD4. Huishika ili ihesabiwe, basi. Haikingi mwili wowote, wa panya wala wa mtu, kwa kuwa haimo ndani ya mwili wowote.

Ni haki tuseme pia yaliyo kinyume na hoja yetu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo ibalizumab, ambayo ni kingamwili ya maabara inayoshika CD4 na kuwazuia virusi wasiingie. Hapo chombo cha kutambulia kimerudi mwilini kikawa mlinzi wa kweli, na neno kinga limepata haki yake. Lakini hata hapo kinga ni matokeo ya kushika. Jina linalotaja matokeo litafaa leo na halitafaa kesho. Jina linalotaja tendo lingefaa siku zote.

Jina CD4 lenyewe limepata bahati tofauti, na linafaa kulinganishwa. Mwaka 1982 wataalamu walikutana Paris kwa sababu kila maabara ilikuwa na jina lake kwa kitu kilekile. Wakaamua kuzikusanya kingamwili katika makundi kufuatana na kile zinachotambua, na kila kundi likapewa namba. Hivyo CD4 lilizaliwa kama jina la kundi la kingamwili. Kutoka hapo likawa jina la protini, kisha jina la seli yenye protini hiyo, kisha jina la namba iliyoandikwa katika karatasi. Mgonjwa wa Bukavu husema, “CD4 zangu zimepanda,” na hakuna anayemwelewa vibaya. Jina lisilo na maana ya Kiswahili limepokea maana kutoka katika maisha ya watu, wakati jina lenye maana nzuri ya Kiswahili limewapotosha. Hilo litufundishe kwamba uwazi wa istilahi si fadhila peke yake. Istilahi iliyo wazi juu ya jambo lisilo lake ni mbaya kuliko iliyofumba.

5. Sitiari ya askari

Neno kingamwili halitembei peke yake. Huandamana na sitiari ambayo imeenea katika elimu ya afya Afrika Mashariki yote: seli za CD4 ni askari wa mwili, virusi ni adui, damu ni uwanja wa vita. Katika tafsiri yetu tuliitumia bila kufikiri. Ilikuwa imo katika Kifaransa, imo katika Kiswahili cha pwani, na ilionekana rahisi.

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliilalamikia sitiari ya vita mwaka 1989, katika kitabu chake AIDS and Its Metaphors. Hoja yake ilihusu lile linalomfika mgonjwa pindi mwili wake unapogeuzwa medani. Sisi twaongeza hoja ya mahali. Sitiari hufanya kazi kwa kuazima ujuzi alionao msikilizaji. Anayesema askari hulinda anamtaka msikilizaji alete kutoka akilini mwake picha ya askari anayelinda. Je, picha hiyo ipo?

Bukavu iliingiwa na majeshi Oktoba 1996. Vita vya pili vilianza Agosti 1998. Mwishoni mwa Mei 2004 mapigano yaliuvamia mji, na mwanzoni mwa Juni ukaangukia mikononi mwa wanajeshi walioasi. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia. Mtu mwenye umri wa miaka arobaini hapa amewaona watu wenye sare wakija na wakiondoka mara nyingi kuliko alivyoona mabomba ya maji yakitengenezwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana duniani kwa sababu ya yale wanawake waliyotendewa na watu wenye silaha. Kwa msikilizaji wa namna hiyo, tulisoma: mwili wako unalindwa na askari. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote waliokuwapo, alijibu kwa mzaha: “Kama ni basoda njo banachunga mwili yangu, basi nimeisha kufa.” Watu walicheka sana. Sisi tulicheka pia, kisha tukaifuta sentensi.

Wala haikuwa mzaha mtupu. Katika mji huu, ambapo mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi, hesabu ya CD4 ilikuwa kwa muda mrefu ndiyo iliyoamua nani aanze dawa na nani angoje. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa 350 mwaka 2010, likaupandisha hadi 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likashauri kila aliyeambukizwa aanze dawa bila kungoja hesabu. Leo hesabu hiyo hutumika hasa kumtambua aliyechelewa, ambaye yuko hatarini zaidi. Mgonjwa aliyefundishwa kwamba CD4 ni askari huweza kusikia kuwa namba ikishuka askari wamemkimbia, jambo analolijua vizuri, na kwamba hakuna la kufanya ila kukimbia yeye pia. Tungetaka asikie kwamba namba hiyo ni habari, na kwamba dawa huipandisha.

Tuliongeze na neno kipokezi, ambalo hutumika kwa protini ya uso wa seli ishikwayo na kitu kingine. Umbo lake ni jema: lina ngeli, lina wingi, limetokana na kitenzi kinachojulikana. Dosari yake ni adabu tu, kwa kuwa anayepokea hupokea mgeni, na mwenye kupokea anaonekana ameridhia. Maelezo kwamba seli inavyo vipokezi vya virusi husikika kana kwamba ilivitengeneza kwa ajili yao. CD4 ina kazi yake ya asili. Virusi viliikuta vikaitumia. Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa sentensi moja, na haihitaji jina jipya.

6. Njia zilizopo

Tufanye nini na kingamwili? Njia ya kwanza ni kukopa. Pwani watasema antibodi, kwa kupitia Kiingereza. Sisi labo twasema antikori, kwa kupitia Kifaransa. Kila moja hufaa upande wake, lakini kwa pamoja zinaupandisha mpaka wa wakoloni hadi ndani ya lugha. Mwanafunzi wa Bukavu anayesoma kitabu cha Dar es Salaam, na muuguzi wa Kigoma anayempokea mgonjwa kutoka Uvira, watahitaji mkalimani ilhali wote husema Kiswahili.

Njia ya pili ni kurudi katika hazina ya zamani. Mwanafunzi wetu mmoja alipendekeza darasani neno fingo, yaani kago lizikwalo nyumbani au shambani ili kuzuia mabaya. Pendekezo lina utamu wake, lakini limebeba kasoro ileile, kwani fingo nalo ni kinga, na zaidi ya hapo lamwita mganga chumbani.

Njia ya tatu, ambayo twaipendekeza, ni kukiita kitu kwa tendo lake: kitambuzi, wingi vitambuzi. Shina lake ni tambua. Lina kiambishi cha ngeli, kwa hiyo hali na kitu haviwezi kuchanganyika, na umoja hutengana na wingi hata katika Kiswahili cha mtaani, ambacho ki- na vi- hakijazipoteza. Halitoi ahadi ya ulinzi. Lafaa ndani ya damu na lafaa ndani ya kichupa: kitambuzi cha virusi, kitambuzi cha CD4. Neno dhidi ya laweza kuachwa pamoja na ugomvi wake. Kinga libaki kuwa jina la hali, mahali lilipokuwa tangu awali.

Tunajua udhaifu wa pendekezo hili. Kitambuzi liko karibu na kitambulisho, na laweza kutumiwa kwa mashine yoyote inayogundua kitu. Tena kingamwili limekwisha kukaa. Wakati wa janga la UVIKO-19 redio za Kiswahili zililitangaza kila siku, na neno lililokwisha kutoka haliondolewi sokoni kama sarafu. Hatutazamii kwamba makala moja ya mwalimu msaidizi wa Bukavu italing'oa. Twaomba jambo dogo zaidi: kwamba mahali pale ambapo mtu anapewa majibu ya damu yake, neno kingamwili lisitamkwe peke yake.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi yaweza kuwa sahihi katika kamusi na ikawa na hatari mdomoni. Uundaji wa istilahi umezoea kujiuliza kama neno ni fupi, kama ni la Kibantu, kama linalingana na neno la kigeni. Ni mara chache linapoulizwa swali la nne: asiyejua kitu hiki, akilisikia neno hili tu, atatenda nini? Kwa maneno ya ushairi swali hilo laweza kungoja. Kwa maneno ya hospitali lapaswa kutangulia.

Tafsiri yetu ilirekebishwa. Sentensi iliyoleta furaha isiyo ya haki ikawa hivi: damu yako imeonekana na vitambuzi vya virusi, yaani alama kwamba virusi vimekwisha kuingia, alama hizo si kinga, wala hazikulindi. Ilisomwa tena Kadutu. Yule mama wa sambaza hakutabasamu safari hii. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Sasa mwalimu, kama hazituchunge, juu ya nini mwili inazitengeneza?”

Hilo ndilo swali lenyewe, na wataalamu wa maabara wanalo jibu refu: kwamba mwili umemtambua adui lakini virusi hivi hubadilika upesi na kujificha ndani ya seli, hata vitambuzi vikachelewa daima. Mara ya kwanza mama huyu hakuwa na swali la kuuliza, kwa sababu neno lilikuwa limemjibu kabla, nalo likamjibu uongo. Sasa aliuliza, na muuguzi aliyekuwapo akaketi karibu naye akaanza kumweleza.